Kiwandani Lamu au bustanini Malindi: ukamsikilize wapi mwimbaji wako?

Tangu Ramadhani iishe nimeulizwa swali moja na watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Mwimbaji wanayempenda anarudi pwani kaskazi, ule msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, ikishika. Ataimba Malindi usiku mmoja na Lamu usiku mwingine, na mfuko unaruhusu safari moja tu. Waende wapi?

Nimeona niwajibu kwa kirefu, maana kaskazi iliyopita nilibahatika kumsikiliza mwimbaji huyo huyo sehemu zote mbili, ndani ya juma moja, kwa nyimbo karibu zile zile. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe na kujipigia gitaa. Kwa miaka kumi nyimbo zake zimekaa nyumbani mwangu kama jamaa. Alhamisi alikuwa Malindi, kwenye bustani ya hoteli iliyo ufuoni, mbele ya watu wasiopungua 200. Jumamosi alikuwa Lamu mjini, kiwandani mwa nyumba ya kale, na nilipohesabu vichwa tulikuwa 38, pamoja na watoto wawili waliolala kabla ya wimbo wa tatu.

Msomaji wa bara asije akadhani kiwanda hapa ni mahali pa mashine. Kwa watu wa Lamu kiwanda ni ua wa ndani ya nyumba, ulio wazi juu, na vyumba vyote vinauelekea. Unaingia kutoka mtaani kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapinda tekani, ukumbi mdogo wa ndani, ili macho ya wapita njia yasifike ndani, na katika nyumba ile ulikuwa bado hujafika, kwa sababu kiwanda chake kiko orofani. Unapanda ngazi ya mawe yenye vidato virefu, mkono ukutani. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita. Pembeni ya kiwanda kuna misana, vile vyumba virefu vyembamba. Wembamba wake umetokana na dari: limebebwa na boriti za mikoko, na boriti yenyewe haizidi sana mita tatu, basi chumba nacho hakiwezi kupanuka zaidi ya hapo. Mwimbaji aliketi kwenye ukingo wa msana, sisi tukajaa kiwandani na ndani ya msana wa pili. Aliyekaa mbali kuliko wote alikuwa hatua saba kutoka kwake. Nyumba ile haina mahali pa nyuma.

Sauti

Nianze na sauti kwa kuwa ndiyo unayoilipia.

Bustani iko wazi. Sauti ikitoka mdomoni mwa mtu haikutani na ukuta wa kuirudisha, inakwenda zake. Wanaoshughulika na mambo ya sauti wanajua hesabu yake: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti inapungua desibeli 6. Ongeza upepo wa usiku, ongeza mawimbi, ongeza vijiko na sahani, na hapo spika si anasa, ni lazima. Ukikubali spika umekubali pia mkono wa fundi wa mitambo, na usiku wako mzima umo kwenye vidole vyake. Alhamisi ile, nyimbo tatu za kwanza besi lilimeza maneno. Nilikuwa nazijua nyimbo kwa moyo na bado nilikuwa nakisia amefika ubeti gani. Fundi alikuja kurekebisha kwenye wimbo wa nne, na kutoka hapo mambo yakawa mazuri kweli. Lakini wimbo wa pili ndio niliousafiria, na umeshapita.

Hoteli sitaitaja. Nitasema tu kwamba katikati ya wimbo wake wa taratibu kuliko wote, ule anaouimba kwa nyuzi mbili tu, wahudumu walitoka jikoni na keki yenye mishumaa wakipiga makofi na kuimba, wakaenda meza ya kumi huko. Mwimbaji akanyamaza, akatabasamu, akasubiri, akaanza upya. Aliimba vizuri, ila ule ukimya aliokuwa ameujenga haukurudi. Mwandalizi yeyote wa Malindi anayesoma hapa namwomba hilo moja: keki ingojee.

Lamu hakukuwa na kipaza sauti. Alipofika aliligonga gitaa kwa kifundo cha kidole mara moja, akasikiliza, akakisogeza kigoda hatua mbili karibu na ukuta wa zidaka, akagonga tena, akaridhika. Zidaka ni yale matundu yaliyochongwa kwa chokaa ukutani, safu juu ya safu, ambamo watu wa zamani waliweka vyombo vya kauri. Mimi si mhandisi, lakini masikio yangu yaliniambia kitu: sauti yake ilirudi kutoka ukutani ikiwa imelainika, bila mwangwi wa kugongana kama ule wa chumba kitupu cha saruji. Ukuta ulikuwa kama mtu wa pili anayeitikia kwa chini.

Unasikia pumzi kabla ya mstari. Unasikia kidole kikiteleza juu ya uzi kutoka noti hadi noti. Mwishoni mwa wimbo wa pili unyevu wa bahari uliulegeza uzi mmoja, naye akasimama kuukaza. Malindi jambo hilo lilitokea pia, lakini ngoma na kinanda viliziba pengo na wengi hawakujua. Lamu tulikaa kimya wote 38 tukimtazama akizungusha kigingi, akidonoa uzi, akiinamisha sikio. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akasema kwa upole, "Taratibu mwanangu, hatuna haraka." Akacheka, akamjibu, "Ahsante baba." Dakika ile ya kukaza uzi nimeikumbuka mara nyingi kuliko nyimbo kadhaa.

Maneno

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo nitakapokaa.

Ana wimbo wa mama anayemngojea mwanawe gatini. Neno "ngoja" linarudi katika kila kituo cha beti. Kwa miaka yote nikisikiliza rekodi nililichukua neno lile kama amri, mama anajiamrisha mwenyewe avumilie. Malindi, ulipofika ule wimbo, bustani nzima ililiimba neno hilo kwa pamoja, mikono juu, naye akatuachia sisi tulibebe, akaondoa mdomo kwenye kipaza sauti na kutuelekezea. Nililia kwa furaha, sitaki kuficha. Watu 200 wanaojua neno moja na kulitoa kwa pumzi moja ni kitu kikubwa.

Lamu hakuna aliyeimba naye. Na kwa kuwa hakuna aliyeimba, nikasikia kitu ambacho watu 200 walikuwa wamekifunika: mara ya mwisho halimalizi neno. Anasema "ngo", pumzi inafunga, kimya, halafu gitaa linaendelea peke yake. Mama amechoka kungoja. Wimbo mzima ukageuka mbele yangu. Nilirudi kwenye rekodi nyumbani, nikavaa vifaa vya masikioni, na kweli limo, dogo, limezikwa chini ya fidla.

Sasa, kwa nini Lamu watu hawakuimba naye? Si kwa ubaridi. Ni mji uliozoea kupima mwimbaji kwa maneno kwanza. Zein l'Abdin, yule bingwa wa kupiga udi aliyefariki mwaka 2016, alizaliwa huko, na alichagua mashairi ya kuimba kwa uangalifu wa sonara, mengine yakiwa ya Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi wa Lamu aliyefariki mwaka uliofuata. Watu waliokulia kwenye desturi hiyo wanausubiri ubeti umalizike ndipo waitikie. Mama aliyekaa kushotoni mwangu alikuwa akiitikia "Ee!" fupi kila fumbo lilipomfikia, na nilianza kumtegemea: alipoitikia mahali ambapo mimi sikuona kitu, nilirudi nyuma kichwani nikatafuta. Mara mbili alinifungulia mstari bila kujua.

Baada ya wimbo wa tano yule mzee wa kofia akauliza, "Neno hilo umelitoa wapi?" Lilikuwa neno la kale la baharini, sijalisikia kwa mtu wa rika langu. Mwimbaji akaeleza kwamba bibi yake alilitumia kwa kamba ya tanga, na yeye amelihamishia kwa mtu anayeshika familia isitawanyike. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwao lina maana nyingine kidogo, akaieleza. Wakazungumza kama dakika tatu, gitaa magotini. Halafu akauimba ule ubeti upya, na tukausikia kwa maana zote mbili. Bustanini jambo hilo haliwezekani, na si kosa la mtu.

Kuna na suala la urefu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri za enzi zile ulibeba dakika tatu hivi, na wimbo ulilazimika kukatwa uenee. Redio nayo ikaendeleza kipimo hicho, na leo tumezoea wimbo wa dakika nne kama vile ndio urefu wake wa kuzaliwa. Malindi ratiba ilikuwa ya chakula: kundi la kwanza la nyimbo, chakula kikuu, kundi la pili, mwisho saa nne na nusu. Kila wimbo ulibaki karibu na urefu wa rekodi. Lamu wimbo wa gatini ulichukua dakika 11, kwa sababu aliurudia ubeti alipotaka, akazungukazunguka na gitaa mpaka mwenyewe akatosheka.

Ilichonacho Malindi ambacho Lamu haina

Nisije nikaonekana nimeshachagua kwa niaba yenu. Bustanini alikuwa na wapigaji wanne: ngoma, besi, kinanda, na kijana wa Kigiriama mwenye kayamba ambaye aliubeba usiku ule mabegani. Alipofika kwenye nyimbo zake za mdundo wa chakacha, wanawake walifunga leso viunoni, meza zikasukumwa, na hapakuwa na mtu aliyebaki kitini isipokuwa waliokuwa na sahani mapajani. Mimi na dada niliyekuja naye tulicheza mpaka viatu tukavivua kwenye majani. Nyimbo hizo hizo Lamu aliziimba mbili tu, tena kwa kunong'ona, na zilipungukiwa. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya kiuno hauna haki yake mahali ambapo goti la jirani limegusa lako na mkeka umejaa.

Malindi pia ni ya watu wote. Meza yetu ilikuwa na Mgiriama, Mbajuni, wawili wa kutoka bara, na mzee wa Kitaliano aliyekaa mjini humo muda mrefu kiasi cha kutania kwa Kiswahili. Mtu asiyejua lugha vizuri anapata ngoma, anapata sura, anapata furaha ya wenzake. Lamu asiyejua Kiswahili atapata sauti nzuri na kuta nzuri, na nusu ya usiku itampita.

Na jambo la tatu, ambalo wengi hawalifikirii. Wa pili kati ya wale walioniuliza amefiwa na mumewe mwezi wa pili. Anampenda mwimbaji huyu kwa sababu mumewe alimpenda. Nilimwambia asiende Lamu mwaka huu. Kiwandani huna pa kujificha. Ukilia, unalia mbele ya watu 37 na mwimbaji mwenyewe anakuona. Kuna mtu hilo litamponya, na kuna mtu litamwumiza, na yeye namjua. Bustanini kuna giza la miti, kuna kelele, kuna njia ya kutoka kwenda ufuoni dakika tano na kurudi. Aende Malindi na dada zake, acheze akiweza. Lamu ataikuta ipo.

Wa kwanza alikuwa rahisi. Ni kijana wa chuo anayetunga nyimbo, ana daftari tatu zimejaa na hajawahi kumwimbia mtu. Huyo auze simu ikibidi, aende Lamu, akae mbele, atazame mkono wa kushoto wa mwimbaji na asikilize anavyopumua.

Wa tatu ana watoto wanne. Malindi.

Njia, kulala, adabu

Malindi ni kilomita 120 hivi kutoka Mombasa. Unapanda matatu asubuhi, unaoga, tuktuk inakushusha mlangoni mwa hoteli, na usiku inakusubiri nje. Ukiwa mkazi, unalala kwako.

Lamu ni safari. Kwa barabara kutoka Malindi unapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kilomita 220 hivi, kisha boti hadi kisiwani. Panda basi la mapema, usipange kufika jioni ya onyesho lenyewe. Kwa ndege unatua Manda, kisiwa cha jirani, nako pia lazima uvuke kwa boti. Kiingilio cha Malindi, pamoja na chakula, kilikuwa mara tatu ya kile cha Lamu, lakini nilipojumlisha nauli na malazi ya siku mbili Lamu ikawa imepita mbali. Hesabuni safari nzima, msitazame tiketi peke yake.

Ukifikia kijiji cha Shela, kumbuka bahari. Ni kilomita tatu kutoka mjini, na ile njia ya ufuoni inapitika vizuri maji yakipwa. Yakijaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, yanafika ukutani na unalowa. Uliza nyakati za maji kabla hujapanga jinsi ya kurudi. Mimi nilipatana na mwenye boti anichukue saa nne na nusu. Wimbo ukavuta, nikashindwa kuinuka, nilipofika gatini saa tano na robo ameshakwenda. Nilirudi nyumba ile ile na aibu yangu. Bi mkubwa wa nyumba alinitazama mara moja tu, akamwambia mjukuu alete mto, na nikalala kwenye msana ule ule alioimbia mwimbaji, nikitazama boriti.

Kuhusu mavazi na mwenendo: Malindi vaa utakavyo, bustani ina umande, beba shali. Lamu unaingia nyumbani kwa watu. Viatu vinabaki chini ya ngazi, mabega na magoti yafunikwe, pombe haipo, na shughuli haianzi mpaka Isha iswaliwe, basi jihesabie saa mbili na nusu hivi. Usichelewe. Ngazi inatokea kiwandani moja kwa moja, na ukipanda katikati ya wimbo unakuja kusimama mbele ya uso wake.

Simu izimwe. Malindi kila mtu anarekodi, na mwangaza wa vioo ni sehemu ya sherehe. Kiwandani mwenye nyumba alituomba mapema tusirekodi, na nadhani ndiyo sababu mwimbaji alithubutu kutuimbia wimbo ambao haujakamilika. Alikwama kwenye ubeti wa tatu, akasema, "Hapa bado sijapata." Tukauacha hapo hapo.

Na kutunza. Pwani tunatunza, ni heshima ya mwimbaji tangu zamani. Malindi nyanyuka, cheza mpaka mbele, mpe noti mkononi, kila mtu atafurahi. Lamu kwenye kikao cha namna ile, subiri. Kijana mmoja aliinuka katikati ya wimbo wa taratibu na noti imenyooshwa, akakanyaga watu wawili, na mwimbaji ikambidi aache nyuzi ili aipokee. Nia yake ilikuwa safi. Ila mwenye nyumba alikuwa ameweka sinia ya shaba kwenye daka, yenye leso juu, na tuliokwenda kuweka cha kuweka tuliweka wakati wa kuondoka.

Baada ya onyesho ndiyo wengi hutaka kujua: nitamfikia? Malindi kulikuwa na foleni ya picha, nikapata sekunde chache na mkono wake wenye jasho. Lamu ilipigwa kahawa chungu, halwa ikapitishwa, naye akaketi mkekani pamoja nasi, miguu imekunjwa kama mgeni yeyote. Miaka kumi nilikuwa na maneno ya kumwambia. Yote yalinitoka, nikasema "Ahsante" tu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Malindi, na kwamba Alhamisi nilikuwepo. Akauliza, "Ulikaa wapi? Ule upande wa kushoto mlisikia?" Nikamwambia ukweli kuhusu nyimbo tatu za kwanza. Akafumba macho kidogo, akasema alihofia hivyo hivyo, kwa sababu jukwaani yeye mwenyewe alikuwa hajisikii.

Wapo pia wanaoniuliza habari za onyesho la jahazini, jua likizama. Nimepanda mara moja. Nenda kwa ajili ya bahari. Upepo unachukua kila kitu mwimbaji anachokisema na kukipeleka Manda.

Mama mdogo

Hadi hapa mtu atasema nimeshaamua: mpenda maneno aende Lamu, mpenda ngoma aende Malindi. Ndivyo nilivyoamini mimi pia mpaka asubuhi ya Jumapili.

Safari yote nilikuwa na mama mdogo. Yeye ndiye aliyeninunulia kaseti ya kwanza maishani mwangu, na mwimbaji huyu tunampenda pamoja. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na sikio la kulia limekufa kabisa; la kushoto linasikia ukiwa karibu na ukisema kwa nguvu. Malindi nilimwekea kiti mbele, na muda wote besi lilipokuwa likinikera mimi, yeye alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo. Fundi alipopandisha sauti ya mwimbaji kwenye wimbo wa nne, mama mdogo alinishika mkono, akaanza kuimba. Aliimba mpaka mwisho, beti zote, kwa sauti yake ile iliyokatika.

Lamu nilimpandisha ngazi ile kidato kwa kidato, kijana wa nyumba akimshika mkono wa pili. Walimpa kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye nakshi, watu wote wengine tukiwa chini. Nilifurahi kwa heshima aliyopewa. Kisha taa zikapunguzwa, mwimbaji akaanza kwa kunong'ona, nami nikazama. Ilikuwa kwenye wimbo wa gatini, baada ya ile "ngo" isiyomalizika, nilipogeuka nimtazame kama naye amelisikia. Alikuwa akitabasamu kwa adabu, akitazama midomo ya watu ili ajue wakati wa kuitikia.

Asubuhi tukinywa chai nikamwuliza kwa sauti ya juu kidogo, "Mama, ulifurahi?"

"Nilimwona vizuri sana," akasema. "Hata pete yake niliiona. Kusikia, mwanangu, sikusikia."

Nikanyamaza. Akanisogezea mahamri, akaniuliza wimbo wa gatini aliuimbaje. Nikamweleza habari ya lile neno, "ngo" halafu kimya. Akanitaka niimbe. Nikaimba pale mezani, karibu na sikio lake la kushoto, nikakata pumzi pale alipoikata. Mama mdogo akakaa kidogo, halafu akasema, "Basi alikuwa amechoka."

Mwimbaji akija kaskazi hii nitakwenda Malindi. Nimeshampigia simu mwandalizi na kumwomba meza ya mbele, upande wa kulia wa bustani, ili sikio la kushoto la mama mdogo lielekee jukwaani na spika isiwe zaidi ya hatua kumi. Nimemwuliza pia kama fundi wa mitambo anaweza kufika mapema, mwimbaji apige wimbo mmoja mzima kabla ya watu kuingia, na neno limalizike au lisimalizike, lisikike. Amesema atajaribu.